Kitambaa cha Kijiti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini mguu umepona, lile gongo umeshalisukumia chini ya kitanda, na shemeji ameacha kujifanya daktari. Watoto hawajambo? Mwambie yule mkubwa kwamba picha aliyonichorea nimeibandika dukani kando ya kioo, na wateja wananiuliza kama huyo mwenye kichwa cha boga ni mimi. Nawajibu kwamba ndiye mimi, tena msanii amenipendelea. Sisi huku afya tunayo, kama kula na kutembea ndiyo afya.

Najua umeshangaa kuletewa bahasha wakati simu ipo. Kuna maneno ambayo nikikwambia kwa simu utanikatiza, utalia, nami nitakata kabla sijafika mwisho, halafu sitapata tena ubavu wa kupiga. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu anayesafiri kesho alfajiri, akukabidhi mkononi. Ni kuhusu maziko ya mdogo wetu Kijiti. Nakuomba uisome yote, kisha upande basi, uwe hapa Ijumaa. Jumamosi mama atapata wageni, na watakachomwambia kinaweza kumwangusha. Sitaki wamkute akiwa na mimi peke yangu, kwa sababu kosa ni langu.

Unajua tulimtambua Kijiti kwa kitambaa cha kifuani, kile kidogo cha kuchungulia kwenye mfuko wa koti. Hilo nilikwambia wakati ule umelala na plasta yako. Sikukwambia kilivyochaguliwa.

Jumapili moja kabla ya usaili wake, Kijiti alikuja dukani mchana, mwenye duka akiwa amekwenda kwake kupumzika. Alikuwa amevaa kila kitu ili nimkague: suti ya vifungo viwili ya rangi ya mkaa, shati jeupe, viatu vyeusi vya kamba, na tai ya buluu iliyoiva yenye vidoto vyeupe vidogo kama vichwa vya pini. Alikuwa amependeza, Dada, ila alikuwa amependeza kama wanaume wengine mia. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema ndivyo anavyotaka, kwamba mawakili wale wazee hawataki karani mwenye mbwembwe, na kwamba mfuko wa kifuani ulishonwa kwa ajili ya kalamu. Nikamwambia kalamu ni ya msoma mita.

Unanijua nilivyo kwenye mambo haya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Mtanashati, nilipogoma kwenda shule na soksi zisizofanana. Kijiti alitaka walau tukubaliane kitambaa cheupe kitupu, yaishe. Nikamwambia cheupe kitupu ni cha bwana harusi na mpokea wageni wa hoteli. Nikavuta droo nzima, nikaanza kumwekea kimoja kimoja. Chekundu chenye duara tulicheka wote, kilikuwa kinawaka kama taa ya breki. Cha mistari kiligombana na vidoto vya tai. Cha mirabaraba midogo kilimfanya aonekane amefuta meza ya mgahawa akasahau kukirudisha. Kila nilipochomoa kimoja yeye aliangalia saa, na kila alipoangalia saa nami nilizidi kujivuta, maana hakuna kinachoniudhi kama mtu anayevaa kwa haraka.

Mwishowe nikakumbuka kipande cha hariri kilichobaki tulipotia bitana koti la mzee mmoja. Kilikuwa cha buluu nzito, chenye michoro ya korosho ya rangi ya damu ya mzee iliyozungushiwa uzi mwembamba wa kijivu. Nilikikunja upesi nikakichomeka, kikatokeza upana wa vidole viwili tu. Kijiti akaacha kuangalia saa. Nikamweleza kwa nini kimekubali. Suti ya mtu mtulivu haikatai michoro, inakataa kelele. Buluu ya kitambaa inaitikia tai bila kuiga. Korosho ni kubwa kidogo kuliko vidoto, kwa hiyo haviingiliani, na kijivu kinarudi kwenye suti. Hiyo damu ya mzee peke yake ndiyo ngeni, nayo inatosha. Nikamwambia chumba kizima kitakuwa na suti za kijivu na nyeusi, na wakishatoka wote watakumbukwa kama ukuta, ila yeye. Akajitazama kiooni, akasema inaonekana kama koti linatoa ulimi. Lakini hakukichomoa.

Kipande kile kilitoa vitambaa vinne. Cha Kijiti nilikishona pindo mwenyewe, kwa mkono, muda wa chakula cha mchana kwa siku tatu: nikiviringisha ukingo kwa kidole gumba na kuukamata kwa nukta ndogo ndogo. Wewe unajua natumia mkono wa kushoto, basi nyuzi zangu hulala upande ambao hazilali za mtu mwingine yeyote. Vile vitatu vingine vilipitishwa cherehani, vikaingia droo ya kuuza.

Hapa ndipo nilipoanza kukosea, ingawa siku ile niliona nimefanya kazi nzuri. Mwenye duka ana sharti moja alilolirithi kwa baba yake. Mteja akitaka nguo ya shughuli, muulize kwanza shughuli gani na wapi, ili usije ukawavalisha watu wawili sare wakakutana mlangoni. Mimi nimelifuata sharti hilo miaka kumi na moja. Siku mbili kabla ya usaili akaingia mwanamume mrefu mwembamba pamoja na mkewe. Suti ya rangi ya mkaa, shati jeupe, tai ya buluu. Alisema ana usaili. Mkewe alikuwa ameshika kitambaa cha vidoto, akauliza kama hakitafaa. Kichwa changu bado kilikuwa na ile raha ya Jumapili, nikamwambia hapana, nikaenda moja kwa moja kwenye korosho, na hotuba yote niliyompa mdogo wangu nikaimwaga tena neno kwa neno. Mke akauliza kinapigwaje pasi. Nikamwambia aweke kitambaa chepesi juu yake. Usaili wa wapi, sikuuliza.

Siku yenyewe unaijua. Jengo la mawakili wale liliinama saa nne kasoro, na saa nne halikuwepo. Mama na mimi tulikaa siku tisa kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti, pamoja na watu wengine ambao tulianza kuwajua kwa vikohozi vyao. Waliokuwa wakitolewa mwishoni hawakuwa na sura ya kutambulika, Dada, nisikuchoree picha. Mama alikuwa haweki kitu mdomoni zaidi ya maji. Hakuwa analia tena. Alikuwa akikunja ncha ya nguo yake na kuikunjua, siku nzima, na mtu akimsemesha anamtazama kama amemwita jina la mtu mwingine. Siku ya tisa afisa mwenye mafaili akatoka, akasema chumba cha baridi kimejaa, vipimo vya damu vitachukua miezi, na waliobaki watazikwa na serikali kesho yake kwa namba. Mama akanishika kiwiko. Akaniambia mwanawe hatazikwa kama gunia lenye namba, na kwamba niingie nimtafute, yeye macho yake hayawezi.

Nikaingia. Walikuwa wamebaki wanaume sita. Mhudumu, mtu mpole mwenye glavu za njano, akaniambia nisijitese kutazama miili, atanionyesha vitu vyao, kila mtu na mfuko wake wa nailoni. Akaweka wa kwanza mezani. Ndani mlikuwa na kipande cha koti la rangi ya mkaa, na kwenye mfuko wa kifuani, kimejaa vumbi lakini kizima, kitambaa cha buluu chenye korosho za damu ya mzee. Nikatoka nje, nikamwambia mama kwamba ndiye. Akaanguka mapajani kwangu, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Jioni hiyo alikunywa uji. Kesho yake tukazika.

Mpaka hapo ni yale uliyokwisha kuyasikia. Yanayofuata yasome taratibu, na kama shemeji yupo karibu, mwite akae nawe.

Yule tuliyemzika siye Kijiti. Nilijua palepale mezani. Mkono wangu hauwezi kushika kitambaa bila kugeuza ukingo, ni ugonjwa wa kazi. Niligeuza, nikakuta pindo la cherehani, limenyooka kama rula. Nikajua pia ni cha nani, kwa sababu kuna jambo jingine nililoficha. Saa tatu na dakika arobaini siku ile Kijiti aliniandikia ujumbe kwenye simu. Aliniambia kwamba mimi kaka yake nimemuuza, kuna jamaa mwembamba amekaa mbele yake amevaa kitambaa kile kile, na kwamba wameonana, wamecheka, na jamaa amemwambia mkewe ndiye aliyemleta dukani kwangu. Nikamjibu kwamba asijali, yeye ndiye aliyekivaa vizuri. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwa mdogo wetu, Dada. Ujumbe bado ninao, na mama hajauona.

Utaniuliza kwa nini nilisema ndiye. Nimejiambia miezi mitatu kwamba nilifanya kwa ajili ya mama, na ni kweli, ungemwona usingeuliza. Lakini si kweli yote. Mezani palikuwa na mifuko mitano zaidi ambayo haijafunguliwa. Kama ningesema siye, mhudumu angenisogezea wa pili, na wa tatu. Niliogopa kupita kiasi. Niliona kwamba nikimpa mama kaburi hapo hapo, sitalazimika kutazama mifuko mingine, na kwangu mimi Kijiti atabaki amepotea tu. Aliyepotea huweza kurudi. Ndivyo nilivyoishi tangu siku ile. Mama anakwenda makaburini kila Jumapili kung'oa majani, nami nasimama nyuma yake nikiwaza kwamba pengine yupo hospitali ya mbali na kumbukumbu zimemtoka. Namtazama kila kijana mrefu anayepita dirishani mwa duka. Simu yangu sijaizima hata mara moja. Nilikuwa nimemzika mume wa mtu, nikamweka mdogo wangu hai kwenye kichwa changu, na nikala na kulala.

Juzi Jumatatu yule mwanamke aliingia dukani. Sikumtambua, amekonda mno. Yeye alinitambua. Alisema anaomba msaada mdogo: kama tunacho kitambaa kingine kama kile alichomnunulia mumewe, nimpatie, ili akipeleke kwa wahudumu wa maiti na hospitalini, awaonyeshe michoro, kwa sababu kueleza kwa mdomo hawaelewi. Alisema hakufika chumba cha maiti mapema kwa kuwa alikuwa akizunguka hospitali, akiamini ni majeruhi. Alipofika, asubuhi ya siku tuliyozika sisi, walikuwa wamebaki watano. Wakamfungulia mifuko. Kwenye mmoja akaona korosho za damu ya mzee. Akakitoa kitambaa, akageuza ukingo. Alisema alikuwa amekipiga pasi kile cha mumewe kwa mikono yake, anajua pindo lake lilikuwa la cherehani. Hiki kilikuwa kimeshonwa kwa mkono, tena nyuzi zimelala upande wa ajabu. Akasita, kwa sababu na yeye alitamani mno kuwa na wa kumzika. Kisha akawaambia hapana, huyu ni wa watu wengine, asije akamnyang'anya mama wa mtu. Wakamzika kwa namba.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mdogo wetu amekufa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, futi ya kupimia shingoni, nikatabasamu kama ninavyowatabasamia wateja. Angalau ningemwambia palepale. Badala yake nilimwambia vimekwisha, havijabaki. Kile cha mwisho kilikuwa kwenye droo, na goti langu lilikuwa linaigusa hiyo droo. Akashukuru, akaniachia namba yake ya simu nikipata kingine, akatoka.

Sikufanya kazi Jumanne. Leo nimechukua kile kitambaa nikamfuata. Anakaa chumba cha juu, nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji, na mlangoni pana viatu vya kiume vimepigwa rangi vinang'aa. Nilipotoa kitambaa alifurahi, ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamwambia hatakihitaji, nikamweleza yote tangu sharti la mwenye duka hadi droo. Nilitegemea anipige. Mashine za chini zikitetemesha sakafu, akaniuliza tulimvika nini mumewe. Nikamwambia suti mpya ya rangi ya mkaa, shati jeupe, tai ya vidoto, na kwamba kitambaa chake nilikifua, nikakipiga pasi, nikakikunja mwenyewe nikakirudisha kifuani. Akauliza nani alimlilia. Nikamwambia mama yetu. Akauliza kama kaburi lina majani. Nikamwambia hapana, mama huyang'oa kila Jumapili.

Ndipo akainuka, akatoa karatasi kwenye kabati la vyombo, akanipa. Ilikuwa imeandikwa 31. Alisema aliiandika siku ile kwa sababu ilimuuma kumkataa mtu asiye na mwenyewe, na amekwenda kwenye kaburi lake mara mbili, mara ya pili na fagio. Dada, mdogo wetu alitembelewa na mgeni aliyesema ukweli, na mimi nilikuwa napita barabara ya makaburi yale yale kila Jumapili.

Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alisema anamtaka mumewe, na kwamba Jumamosi saa tatu atakuja na mashemeji zake kuzungumza na mama, kwa heshima, na kwamba ananiachia hadi siku hiyo nimwambie mwenyewe. Ili makaburi yafunguliwe inatakiwa saini ya mama na ya ndugu mwingine wa damu. Yangu haifai, maana mimi ndiye niliyeandika uongo, na Jumatatu nitakwenda kituoni kuusema. Sijui watanifanya nini. Saini inayofaa ni yako. Lile jiwe la kaburi uliloahidi kutuma, liache kwanza.

Nimejaribu kumwambia mama mara tatu tangu nirudi leo mchana. Mara ya kwanza alikuwa anapepeta mchele, ya pili akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, ya tatu alinitazama tu usoni nikauliza kama chumvi ipo. Nitamwambia Ijumaa, ukiwa umekaa upande wake wa pili, umemshika. Mimi nitapiga magoti mbele yake ambapo ataweza kunifikia kwa mkono.

Wasalimie watoto, na shemeji mwambie anisamehe kwa kukuondoa ghafla. Chukua dawa zako za mguu, safari ni ndefu.

Mama anakusalimu sana. Ameniona nikiandika akauliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwako. Amesema nikwambie usiwe na wasiwasi naye tena: tangu alipompata mwanawe akamlaza mahali anapopajua, usingizi umemrudia, analala hadi asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Mtanashati